Rutambi Walimngojea Mheshimiwa

Kila asubuhi, kabla Mheshimiwa Ishema hajamaliza kupiga mswaki, Benitha alikuwa ameshafika mlangoni na kibuyu cha maziwa. Hakupiga hodi ya kelele. Alikohoa kidogo, akavua kandambili, akaingia ameshika kibuyu kwa mikono miwili, maana mtu mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja. Alijaza kikombe, akatazama pembeni Mheshimiwa akinywa, kisha akaenda zake. Na ng'ombe wenyewe aliokuwa nao mama huyo walikuwa wawili tu, mmoja keshazeeka, wanalishwa kwenye shamba la Mnyankole mmoja, mwenyeji wa huko, nyuma ya mtaa wa Kabazana.

"Ni ya kwako, Onorable," alimwambia siku ya kwanza alipomkuta kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. "Weye ndiye ulitaka kufa pamoja na siye."

Hapo ndipo yule bwana angesema neno. Mlango ulikuwa wazi, mama wa watu amesimama mbele yake, hakuna aliyemkaba koo. Hakusema. Alipokea kikombe, akanywa, akafuta midomo, akasema Mungu akubariki, Mama Emery.

Basi tumweleze huyu bwana vizuri, tusije tukamwonea. Ishema Appolinaire alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwenye milima ya Kivu Kusini, huko kwa wafugaji ambako ukungu hauondoki mpaka jua limepanda sana. Vita vya mwaka 1996 vilimkimbiza yeye na mkewe Miriamu, mtoto wao Viviane akiwa mgongoni, mpaka Nakivale. Alifundisha watoto chini ya shitingi la buluu, lile turubai la msaada, bila mshahara wa maana. Watu wakigombania maji au mipaka ya viwanja, yeye ndiye aliyeitwa aende kusema na wakubwa, kwa sababu alikuwa na mdomo. Mdomo kweli kweli! Ungemwendea umefura hasira, baada ya muda mfupi unaondoka unamshukuru na hujui unamshukuru kwa lipi.

Mdomo huo ndio uliompeleka kwenye Bunge la Jimbo huko Bukavu. Kura zilipoitishwa mwaka 2006, alimwacha mkewe mjini Mbarara, walikokuwa wamehamia kutoka kambini, akarudi milimani kwao, akapita kijiji kwa kijiji kwa miguu, akilala kwenye vibanda vya wachungaji. Katika kijiji cha Rutambi alipokewa na mzee wa kanisa aitwaye Kabanda, mume wa huyu huyu Benitha. Kabanda alimshika mkono mbele ya watu wote.

"Ukisha kupata, usitusahau," alimwambia. "Barabara ni ngumu, tunajua. Zahanati ni ngumu, tunajua. Weye urudi tu utuone na macho yako."

Ishema akaahidi, akapata, akawa Onorable. Alishona suti mbili za kijivu na kujifunza kufunga tai bila kioo. Na kusema haki, mwanzoni alifanya kazi. Alisimama bungeni akauliza kuhusu barabara, akauliza kuhusu zahanati isiyo na muuguzi, akauliza kuhusu askari wanaokula mbuzi za watu bila hata kusema asante. Lakini haikuchukua muda akajifunza mengine: kuongea kamera zikiwaka, kusinzia zikizimwa, kumpigia makofi mtu asiyempenda. Rutambi kulikuwa mbali, gari linaishia chini ya mlima, unatembea mpaka unalala njiani. Kila likizo ya bunge, wabunge walitakiwa warudi kwa waliowachagua wakawasikilize. Kila likizo Ishema alikuwa na sababu.

Mwaka 2009, mwezi wa saba, aliona aibu. Alikwenda kwenye ofisi ya kanisa penye fonia, ile redio ya mawasiliano inayofika mpaka milimani, akatuma habari: Rutambi, nakuja. Mnitazamie juma hili.

Jamani, mwezi wa saba! Mtoto wa mfugaji anayejua kuhesabu ng'ombe anajua mwezi wa saba ni kiangazi. Majani ya kijijini yamekauka, na kila mwaka watu wa Rutambi hushuka na ng'ombe wao, wake kwa waume, mpaka kwenye majani mabichi karibu na msitu, wakabaki huko hadi mvua zirudi. Mwaka ule habari zilikuwa mbaya, watu wenye bunduki walikuwa wameonekana upande wa pili wa bonde, na sababu ya kuhama ilikuwa kubwa kuliko miaka yote. Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Lakini Kabanda alisikia fonia, akasimama kanisani Jumapili akasema hakuna kuhama. Utampokeaje mgeni wa namna ile kwenye uwanja usio na ng'ombe? Ataona nini? Atakunywa nini? Kwao mgeni huonyeshwa mifugo kabla hajaonyeshwa kiti. Basi wakafungua mizigo, wakafagia kijiji chote, wakafundisha watoto wimbo wa kumkaribisha.

Na Ishema? Ishema alipanda gari la kwenda Mbarara. Alijiambia anapita tu mara moja kuangalia nyumba aliyokuwa anaijenga Kakiika, pembeni mwa mji huo, aone bati linavyopigwa, abusu watoto, ageuze. Lakini fundi alimwambia, "Mzee, ngojea kidogo, mbao bado inakuja kesho," na kesho mbao ikaja pungufu, na keshokutwa mvua ya ajabu ikanyesha. Miriamu alikuwa anapika vizuri. Watoto walifurahi kumwona baba. Alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu apate ubunge, na kila alipokumbuka Rutambi alisema nitaondoka kesho. Hakutuma habari nyingine. Aliona haya kuwaambia msiningojee, akaona afadhali wangoje kidogo.

Simu ilimkuta amesimama chini ya nyumba yake, mafundi wako juu wanagonga misumari. Hakusikia vizuri. Akapaza sauti wanyamaze, wakanyamaza. Mtu wa Bukavu akamwambia Rutambi imevamiwa, watu wote walikuwa kijijini, hakuna aliyekuwa amehama, Kabanda amekufa, watoto wamekufa, nyumba zimechomwa. Ishema alisimama na simu sikioni hata baada ya simu kukatika. Fundi akainama kutoka juu ya paa.

"Mzee, tupige ama tuache?"

Na Ishema, kwa sababu hakujua kingine cha kusema, alijibu, "Pigeni."

Neno hilo lilimganda. Miaka yote iliyofuata, mvua ikigonga bati popote alipo, alijisikia mwenyewe akisema pigeni.

Alirudi Bukavu mbio. Bungeni walimuuliza alikuwa wapi, maana likizo ilikuwa ya kwenda kwa wananchi na wananchi wake wameuawa. Alisimama na suti yake ya kijivu. Alisema alikuwa njiani, amefika chini ya mlima, akasikia risasi, akarudishwa kwa nguvu na watu waliokuwa wanakimbia. Mdomo ulienda wenyewe. Akaongeza na kiatu kilichobaki kwenye matope. Wenzake wakasimama, wakanyamaza kwa heshima ya marehemu, kisha wakaja mmoja mmoja kumshika bega. Habari ile ikapanda mlima hadi kwa waliosalia: Onorable alikuja, nusura afe nasi. Wakaisema kwenye maombi. Wakaisimulia kwa watoto.

Mwaka 2012 vita viliporudi, naye akaacha meza yake ya Bukavu akakimbilia Uganda. Watu walidhani atakaa Kakiika kwenye nyumba yake nzuri. Alishindwa. Aliipangisha kwa mwanajeshi mmoja wa kambi ya jeshi ya Makenke, akaja kuishi Nakivale kwenye nyumba ya udongo iliyofunikwa shitingi, na watu wakamsifu kwa unyenyekevu wake. Kanisani walimwekea kiti cha mbele. Mwaka huo huo Benitha naye akafika na mwanawe Emery, mtoto pekee aliyebaki, na maziwa yakaanza.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2015, Emery alipata mchumba, Sidonie, binti wa familia moja ya Juru, mtaa wa upande mwingine wa kambi. Asubuhi moja Benitha alimimina maziwa, lakini hakuondoka. Alikaa kwenye mkeka, akakunja miguu.

"Onorable, banatuita kwenda kuomba bibi ya Emery. Banataka kusikia mutu wa kusema kwa jina ya baba. Baba hayuko, unajua. Sasa nani atakaa pale fasi ya Kabanda? Ni weye tu."

Mheshimiwa aliweka kikombe chini. "Mama Emery, mimi ni mzee sasa. Nina kikohozi. Mutafute Mchungaji."

"Mchungaji anajua kuhubiri, hajue kuomba bibi," alisema Benitha, akacheka. "Weye ulisemea jimbo nzima! Utashindwa na Mutware, ule musemaji wa Juru?"

"Nitaona."

"Usione, Onorable. Ukubali. Kabanda angefurahi mingi."

Akakubali. Masikini, alikubali kama alivyokunywa maziwa, kwa sababu kukataa kungehitaji sababu. Benitha alipotoka, Miriamu alikuja kutoka nyuma ya pazia na mikono yenye unga. Yeye ndiye aliyepika Kakiika siku zile. Alijua kila kitu na hakuwahi kukisema mbele ya mtu.

"Baba Viviane, unajua fasi unaenda kukaa?"

"Najua."

"Ni kiti ya Kabanda. Mutu alikufa akikungojea, weye uende ukae kwenye kiti yake, uombee mutoto wake bibi, watu bakupigie makofi." Alipangusa unga mikononi. "Umwambie huyu mama, ao ukatae. Mimi nilinyamaza miaka yote kwa ajili ya batoto betu. Lakini ile siku usinipeleke. Sitakuja."

"Nikimwambia sasa nitamharibia harusi ya mutoto wake."

"Aa! Kumbe leo ndiyo unamuonea huruma."

Hakulala vizuri hata siku moja mpaka siku yenyewe ikafika. Alikwenda mara mbili hadi karibu na nyumba ya Benitha, akamkuta mara anapaka udongo mweupe ukutani, mara anapima kitenge kipya, uso umeng'aa. Mara zote mbili alisalimia akarudi. Mara ya pili Benitha alimfuata na kibuyu, akidhani amekuja kwa kuwa ana njaa.

Huko Juru waliweka mashitingi mawili yakitazamana, upande mmoja wa waombaji, upande mwingine wa wenye binti. Wazee mbele kwenye viti vya plastiki, kina mama kwenye mikeka, vijana wamesimama nyuma, na kreti za Fanta zimepangwa kivulini kwa sababu ni watu wa kanisa na bia haikanyagi hapo. Ishema alikaa kwenye kiti cha katikati, suti ya kijivu, fimbo mkononi. Msemaji wa upande wa binti alikuwa Mutware, mzee mfupi wa maneno mengi, aliyekwisha kuoza mabinti wa nusu ya kambi na kuwafanya waombaji wote watoke jasho.

Kwa wasioijua mila hii: msemaji wa binti hampi mtu mke hivi hivi. Anaanza kwa kununa. Anatunga kosa la zamani ambalo waombaji eti walilifanya, anawashitaki mbele ya watu, na msemaji wa mwombaji lazima ajibu kwa ufundi: akane, ageuze, achekeshe, asingizie mvua au ng'ombe aliyepotea. Wakishacheka vya kutosha, hutozwa faini ya soda, kisha mambo yanaendelea. Kila mtu anajua ni mchezo. Na siku ile watu walijaa hata kwenye miti, maana walitaka kusikia Onorable akijibu.

Mutware alisimama polepole, akawatazama wageni kama watu waliokuja kuiba.

"Karibuni," alisema. "Karibuni, lakini miye sitasahau. Siye na nyinyi tuko na neno. Mulishatutumia habari, zamani, kwamba munakuja kututembelea. Ni uongo?"

"Si uongo!" waliitikia watu wa upande wake, wakijikaza wasicheke.

"Tukafagia uwanja. Tukazuia ng'ombe nyumbani, na ilikuwa kiangazi, zikakonda. Tukachinja dume. Tukafundisha na batoto wimbo. Tukangojea. Jua ikazama, hamukukuja. Siku ya pili, hamukukuja. Miye sitaki mali yenu, sitaki ng'ombe zenu, kwanza munijibu." Akamnyooshea Ishema fimbo. "Mulikuwa wapi?"

Watu walipiga makofi. Shitaka zuri! Mutware alikuwa amelitumia kwenye harusi nyingine za kambi hiyo, wala hakujua lolote la Rutambi zaidi ya vile kila mtu alivyojua. Wakageuka kumtazama Mheshimiwa.

Ishema alikuwa na majibu. Alikuwa ameyaandaa kichwani tangu siku aliyokubali, la mto uliofurika, la mbuzi aliyekula viatu. Alisimama. Akakohoa. Akamwona Benitha kwenye mkeka wa mbele, kitenge kipya, mdomo nusu wazi kwa kungojea kucheka, na kibuyu cha harusi mapajani. Maneno yote yakamtoka kichwani. Alijaribu la mto, likakwama. Watu wakaanza kuguna kwa raha, wakidhani anawatesa makusudi.

"Ni kweli," alisema.

Watu wakasogea wasikie.

"Mulitungojea, ni kweli. Nilituma habari kwamba ninakuja, na sikukuja. Hakuna mto uliofurika. Hakuna aliyenirudisha njiani, kwa sababu sikuanza hata njia." Aliegemea fimbo. "Nilikuwa Mbarara. Nilikuwa Mbarara, naezeka nyumba yangu."

Wee! Kicheko kilichotoka pale kingesikika ng'ambo ya ziwa Nakivale. Tangu lini msemaji akakubali kosa? Wazee walijipiga mapaja. Vijana walipiga miluzi, kina mama wakapiga vigelegele, na Mutware mwenyewe aliiachia fimbo ikaanguka chini, akakaa akishika tumbo.

"Haki ya Mungu!" alisema alipopata pumzi. "Nimeoza mabinti mingi, sijaona mutu kama huyu! Eti naezeka nyumba! Faini, kreti mbili za Fanta, na bibi muchukue!"

"Si mchezo," alisema Ishema. "Nasema kweli."

Wakacheka mara mbili zaidi. Emery alimkimbilia akamkumbatia, akamwinua juu na miguu ikaning'inia. Juu ya bega la kijana, Mheshimiwa aliuona mkeka wa mbele. Kina mama wote walikuwa wamesimama wakicheza. Benitha alikuwa amekaa. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wa kibuyu, kama mtu anayezuia nzi, na alikuwa anamtazama.

Shughuli iliendelea, kwa sababu shughuli haisimami. Walikula, wakaomba, wakakubaliana ng'ombe wa mahari. Benitha alitoa maziwa ya harusi kwa mikono miwili, akamnywesha mkwewe kama inavyopasa, akatabasamu panapotabasamiwa. Hakumsogelea Ishema.

Asubuhi yake Mheshimiwa hakupiga mswaki. Alivaa, akakaa kwenye kigoda, akitazama mlango. Alikuwa na hakika Benitha hatakuja. Na, Mungu amsamehe, sehemu fulani ya moyo wake ilishaanza kupumua: asipokuja, basi, yamekwisha.

Kikohozi kidogo kikasikika nje. Benitha alivua kandambili, akaingia. Kibuyu mikono miwili. Alijaza kikombe mpaka juu, akakiweka mbele yake, kisha akakaa mkekani akakunja miguu.

"Mama Emery," alianza Ishema, "jana..."

"Ile siku," alisema Benitha, taratibu, bila kupaza sauti, "ile tulikungojea. Kule Mbarara, weye ulikula nini?"

Hakutegemea swali hilo. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa mawe. Akatafuta kichwani, na aibu yake ikawa kubwa zaidi kwa sababu alikumbuka haraka, na ladha yake pia.

"Samaki," alisema. "Na ndizi."

"Ulishiba?"

"Nilishiba."

Benitha aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia.

"Siye tulichinja dume asubuhi. Kabanda akasema hakuna mutu ataweka nyama mu kinywa mbele ya mugeni. Ikaiva, tukaifunika. Batoto bakazunguka sufuria kutwa nzima. Mukashema, binti yangu, akaniomba kipande ya maini. Kadogo tu, mama, akasema. Nikamupiga mukono." Alitazama kiganja chake. "Nikamwambia hapana, ni ya Onorable. Akalala na njaa. Asubuhi bakakuja bale batu, tukiwa bado tunakungojea."

Nje mtu alipita na baiskeli akiimba wimbo wa harusi ya jana. Ishema alikisukuma kikombe pembeni. Machozi yalimshuka mpaka kwenye tai.

"Usilie," alisema Benitha. "Kunywa."

"Siwezi, mama. Nihurumie."

"Kunywa, Onorable. Ni ya kwako. Nitakungojea." Akaweka mikono mapajani, akanyoosha mgongo. "Kungojea ninajua."

Akamwangalia, na safari hii hakutazama pembeni.